Kutoa injini ya petroli kuweka ya dizeli: pampu ya ndani ya tanki ibaki au itoke?

Spana17
Wakuu habari zenu. Nina pikapu ya petroli ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta), injini imekufa, nimepata ya dizeli ya kizamani yenye pampu ya rotari (ile ya kwenye injini inayopeleka dizeli kwenye nozeli), haina kompyuta. Mauntingi na gia boksi nimeshamaliza, nimekwama kwenye mafuta. Naona njia tatu: 1) niache pampu ya umeme ndani ya tanki isukume kama zamani, 2) niitoe, injini ivute yenyewe, 3) niitoe nifunge pampu ndogo ya umeme ya presha ya chini kwenye chesisi. Ipi ina afadhali? Na tanki lenyewe je?

MzeeWaNozeli
Namba 1 futa kabisa kijana wangu. Pampu ya EFI inatoa bar 3 mpaka 4 na hiyo rotari imeundwa kuvuta yenyewe, ina pampu ndogo ndani yake. Ukiisukumia presha ile taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta, inavurugika na sili ya shafti ya mbele inaachia. Niliwahi kuletewa moja hivyo hivyo, mwenyewe anashangaa oili inapanda badala ya kupungua, nachomoa dipstiki nanusa, dizeli tupu. Beringi zilishaanza kuliwa.

DerevaUsiku
Mimi niko namba 2 mwaka wa tatu sasa, haijawahi kuniangusha njiani, ila mwanzo ilinitesa asubuhi, napiga stati mpaka betri inalegea. Shida ilikuwa mipira ya zamani. Kwenye petroli pampu inasukuma kutoka kwenye tanki, mpira ukipasuka mafuta yanadondoka unayaona, lakini ukigeuza ikawa ya kuvuta ufa ule ule unaingiza hewa na chini pakavu kabisa, utahangaika na nozeli bure. Weka kipande cha mpira unaoona ndani karibu na pampu ya injini, washa, tazama. Mimi niliona vipovu vidogo vinapita mfululizo kama vya soda, nikabadilisha mipira yote na klempu, ukawa ndio mwisho wa shida.

BintiGereji
DerevaUsiku kaongea kweli tupu. Mimi ningeenda namba 3 kama tanki liko nyuma mbali au chini sana kuliko injini, maana inasaidia pia kutoa hewa ukibadilisha filta. Hakikisha haizidi nusu bar na ni ile inayoruhusu mafuta kupita hata ikiwa imezima, siku ikifa njiani injini iendelee kuvuta.

Ila kaka hujauliza kuhusu ritani, paipu ya kurudisha mafuta kwenye tanki, na hapo ndipo wengi wanaharibu! Dizeli inarudisha mafuta mengi, na ni ya moto. EFI nyingi za kisasa hazina paipu ya kurudi, kwa hiyo angalia yako. Kama haina ingiza mpya mpaka kwenye tanki, usiunge T kwenye paipu ya kuvuta ukadhani umeokoa kazi, utakuwa unazungusha joto na hewa humo humo.

Tanki lako linafaa kama ni safi, la plastiki au chuma cha kawaida. Kama ndani limepakwa zinki achana nalo, dizeli inakula zinki na uchafu wake unaziba filta na nozeli. Mwaga petroli yote mpaka tone la mwisho, pampu ya injini inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli haina ule utelezi. Mdomo wa kujazia nao una kizuizi chembamba, nozeli ya dizeli ya kituo cha mafuta ni nene haitaingia. Na naomba sana usichomelee wala kukata tanki lililokaa petroli, hata kama unaona limekauka, mvuke uliobaki unalipuka.

Spana17
Duh asanteni, ritani sikuiwaza kabisa. Geji itasoma?

MzeeWaNozeli
Itasoma, ile ni boya tu. Bakiza boya, toa pampu, weka bomba la kuvuta lisiguse sakafu ya tanki. Halafu filta yenye kitenga maji kabla ya pampu ya injini, iwe sehemu unayofika kwa mkono. Ingekuwa komoni reli, dizeli ya kisasa ya kompyuta, ningekwambia habari nyingine, zile presha ya reli inafika bar 1600 na kuzidi, uchafu hauvumiliki hata chembe na presha ya kulishia unafuata ya injini husika.

Spana17
Nimeshusha tanki jioni hii. Plastiki, chini kuna matope mekundu kama kijiko kimoja. Paipu ya kurudi hakuna. Kesho naanza na kuosha, halafu naenda namba 3 maana paipu ni ndefu.

BintiGereji
Matope hayo usiyaache hata kidogo. Ukishawasha rudi na picha ya huo mpira wa kuonea mapovu.