Meneja mwandamizi wa ukaguzi wa fedha za serikali: kazi yake ni ipi hasa?

Mhasibu_wa_Katuba (Lubumbashi)

Wakubwa zangu na ndugu zangu, nawasalimu. Nimefanya ukaguzi wa ndani kwa miaka 9 katika shirika moja la umma hapa Lubumbashi, na mwezi uliopita nilijulishwa kwamba nitapandishwa cheo niwe meneja mwandamizi wa ukaguzi. Nitakuwa na timu tatu chini yangu, na timu hizo zitapita katika ofisi mbalimbali zinazopokea na kutumia fedha za serikali. Barua yangu inasema kwamba nitasimamia ubora na uhuru wa kazi ya ukaguzi. Ni maneno mazuri, lakini hayanionyeshi nikishaketi mezani nifanye nini, kwa kuwa kuhesabu na kulinganisha karatasi sasa kutafanywa na wengine.

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka juzi tulikagua ujenzi wa madarasa 6. Fedha zilikuwa zimelipwa zote na karatasi zote zilikuwa na mihuri, lakini tulipofika mahali penyewe tulikuta kuta zimeishia juu kidogo ya madirisha, hakuna paa, na mbuzi wa majirani wamelala ndani. Niliandika ripoti kwa hasira. Mkubwa wangu wa wakati ule akafuta neno “wizi” nililoliweka katika ukurasa wa kwanza, akairudisha akidai nimwonyeshe PV ya kupokea kazi, yaani hati rasmi inayothibitisha kwamba ujenzi umekaguliwa na kupokelewa, na majina ya walioitia saini. Nilidhani anawakinga watu, nikanyamaza. PV sikuitafuta, na ripoti ililala kabatini. Hadi leo sijajua kama mkubwa yule alikuwa ananizuia au ananifundisha.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Je, meneja ana haki ya kubadili kile ambacho mkaguzi wake ameandika? Na la pili: viongozi wamekwisha kunidokeza kwamba watakuwa wakiniletea malipo makubwa niyatazame kabla hayajatoka. Nikubali?

Mzee_wa_Kamalondo (mstaafu)

Mwanangu, nitaanza na pale utakaposimama, maana wengi hupewa cheo hiki bila kujua wako upande gani wa ukuta. Sheria ya fedha za umma ya Kongo, ya tarehe 13 Julai 2011, inataja udhibiti wa namna tatu: ule wa kiutawala, ule wa kimahakama na ule wa Bunge. Wewe, pamoja na ndugu zetu wa Inspection Générale des Finances, IGF, yaani ofisi kuu ya ukaguzi wa fedha za Serikali, mko katika ule wa kwanza. Cour des comptes, yaani korti ya hesabu za umma, iko katika ule wa pili, na Katiba, katika kifungu cha 180, imeipa kazi ya kudhibiti fedha za Serikali, za majimbo, za miji na komini na za mashirika ya umma, kisha kutoa kila mwaka ripoti inayokabidhiwa Rais wa Jamhuri, Bunge na Serikali. Usijipe madaraka ya korti. Wewe huhukumu mtu. Unaandaa jambo ambalo mwenye madaraka ya kuhukumu anaweza kulishika mkononi bila kulidondosha.

Kazi yako ya kwanza itakuwa kuchagua, na hapa ndipo mameneja wengi hushindwa kabla timu haijatoka ofisini. Chukua mfano wa kwetu. Tangu Kanuni ya Madini iliporekebishwa mwezi Machi 2018, mrahaba wa madini, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayoyachimba, hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sehemu ya jimbo na ile ya komini au sekta huingia moja kwa moja katika akaunti zao wenyewe. Maana yake ni kwamba sekta ndogo, yenye mhasibu mmoja na kabati moja, inaweza kupokea fedha ambazo babu zake hawakuwahi kuziota. Sasa meneja anayewatuma vijana wake hodari kuhesabu vocha za mafuta ya gari la ofisi, huku mrahaba unapita pembeni, amekwisha kukosea, hata kama hesabu ya mafuta itatoka sawasawa hadi lita ya mwisho.

Ukishachagua, unauliza swali dogo linalojibika. Usiseme “tukague sekta fulani”. Sema: tani zilizotangazwa, hati ya madai ya malipo, na taarifa ya benki ya sekta, je, vinakubaliana mwezi kwa mwezi? Na fedha zilizotoka kwenye akaunti hiyo zilinunua nini kinachoonekana kwa macho? Swali la namna hiyo linampa mkaguzi kijana njia ya kutembea, na linakupa wewe namna ya kujua kama amefika.

Kazi ya pili, ambayo itakula siku zako nyingi, ni kusoma mafaili. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa umma, vile vinavyoitwa ISSAI, vinataka faili liandikwe kwa namna ambayo mkaguzi mzoefu asiyejua lolote kuhusu misioni ile aweze kulifungua na kuelewa nini kilifanywa, nini kilikutwa na kwa nini uamuzi ule ulifikiwa. Meneja ndiye mgeni huyo wa kwanza. Unasoma kila sentensi ya ripoti ukiuliza: hii imesimama juu ya karatasi gani? Kila ugunduzi unahitaji miguu minne: kipimo kilichopaswa kufuatwa, hali iliyokutwa, sababu yake na athari yake. Madarasa yako yalikuwa na miwili. Hali uliikuta, athari uliiona, mbuzi nao walikuwa mashahidi. Kipimo hukukionyesha, yaani mkataba ulisema malipo ya mwisho yatoke baada ya hatua ipi. Sababu hukuifikia, kwa kuwa sababu ilikuwa ndani ya PV ile: kama haikuwapo, mtu alilipa bila kupokea kazi, kama ilikuwapo, watu walithibitisha paa ambalo halikuwapo. Hayo ni makosa mawili tofauti, ya watu tofauti, na neno “wizi” liliyafunika yote mawili.

Basi mkubwa wako alikuwa ananifundishia mtoto vizuri, kama ningekuwa baba yako ningesema hivyo. Lakini nusu ya pili ya kazi aliiacha. Alipaswa kukupa siku kadhaa na barua yenye saini yake ya kuidai PV hiyo, na kama ungekataliwa, kukataliwa kwenyewe kungeandikwa kuwa ugunduzi. Ripoti iliyolala kabatini ni yake, si yako.

Kuhusu haki ya kubadili: maneno anaweza kuyabadili, ushahidi hawezi kuufuta. Anachokiondoa kiachwe katika faili pamoja na maelezo yake na jibu lako, vyenye tarehe. Meneja anayekupigia simu usiku akuambie “ondoa ukurasa wa 7” bila kuandika, huyo ndiye wa kuogopwa.

Karani_wa_Komini

Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaokaguliwa, kwa sababu Papa Mzee amezungumza vizuri lakini kama mtu wa upande ule.

Timu moja ilikaa kwetu wiki tatu. Kila siku ilitudai karatasi mpya, leo fakitire, kesho taarifa ya benki, keshokutwa ile ile taarifa ya benki lakini nakala nyingine, kana kwamba hakuna mtu aliyekaa chini kupanga wanachokitafuta. Kisha wakaondoka bila kutuonyesha walichokiandika. Tulisikia mjini kwamba komini yetu “imepoteza” fedha za miezi miwili. Fedha hizo hazikupotea: ziliagizwa kulipwa mwezi Desemba na benki ikazitoa Januari, kwa hiyo zilionekana katika mwaka wa fedha uliofuata. Kikao cha nusu saa kingetosha kulieleza jambo hilo. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa miezi akinyooshewa kidole sokoni.

Ndugu Mhasibu, ukiwa meneja, hudhuria mwenyewe kikao cha kufungua na kikao cha kufunga, usimwachie kijana. Lete orodha ya karatasi mnazozitaka siku ya kwanza. Tupeni rasimu na muda wa kujibu, na jibu letu liingie katika ripoti hata kama hamkubaliani nalo.

Mwanasheria_Kampemba

Najibu swali la pili, ambalo naona limepitwa.

Malipo ya serikali hupita hatua nne: kuahidi matumizi, kuthibitisha deni, kuagiza malipo, na kulipa. Sheria imetenganisha anayeagiza na anayelipa kwa makusudi, ili mmoja amzuie mwenzake. Mkaguzi akiingia kati ya hatua hizo na kuweka saini yake, amekuwa mshiriki wa tatu wa uamuzi, na siku fedha hizo zitakapokaguliwa atakuwa anajikagua mwenyewe. Azimio la Lima la 1977, ambalo vyombo vikuu vya ukaguzi duniani vinalichukua kama msingi wao, linaligusa jambo hili waziwazi: ukaguzi wa kabla unaweza kuzuia hasara, lakini unaongeza mzigo wa kazi na kuchanganya wajibu wa nani anawajibika kwa nini. Ukaguzi wa baada ya matumizi, kwa mujibu wa azimio hilo hilo, ni wa lazima kwa kila chombo hata kama kinafanya ule wa kabla. Kwetu mjadala huu unajulikana kupitia ile “patrouille financière” ya IGF, yaani doria ya fedha, ambamo wakaguzi walikuwa wakiwekwa ndani ya mashirika ya umma kufuatilia matumizi kabla hayajafanyika.

Nguvu ya mkaguzi naiona kwingine. Mwezi Februari 2023 IGF ilitoa ripoti juu ya mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, ambao kwao kampuni za Kichina zilipewa madini yetu ili zijenge miundombinu, ikionyesha kwamba miundombinu iliyokwisha kujengwa ilikuwa ya thamani ya dola milioni 822, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na manufaa ya upande wa pili. Wakaguzi walitoa hesabu, majadiliano yakafuata, na Machi 2024 makubaliano mapya yalitaja dola bilioni 7 za miundombinu, malipo yake yakifungamanishwa na bei ya shaba. Mtu anaweza kuzibishia hesabu hizo, na upande wa pili ulizibishia, lakini kilichobishaniwa kilikuwa namba, si nia ya mkaguzi.

Mzee_wa_Kamalondo

Mwanasheria, sheria umeisema vizuri, ila hukuwahi kufika kwenye akaunti iliyokwisha kukaushwa. Sisi tuliokuwa tunangoja malipo yaishe ndipo tuende, mara nyingi tulikagua majivu. Ripoti nzuri, fedha hakuna, mwenye kampuni amehama mji. Siwezi kuwalaumu waliosema afadhali tusimame mlangoni.

Mwanasheria_Kampemba

Hapo nakubali, Papa, lakini kwa sharti. Kama ni lazima ayatazame malipo kabla, atoe maoni kwa maandishi bila kuweka saini ya kuidhinisha, na malipo hayo yakaguliwe baadaye na timu isiyo chini yake. Kwa kuwa timu zote tatu ziko chini yake, basi aombe kwa barua itoke kwingine. Wakikataa barua hiyo, atakuwa amejua walichokuwa wanakitaka.

Mhasibu_wa_Katuba

Nawashukuru nyote, na kwa Karani nasema pole kwa mhasibu wenu. Barua ya sharti hilo nitaiandika kabla sijatia saini cheo. Jambo la pili, nitaomba faili la madarasa 6 lifunguliwe tena kama ufuatiliaji wa ripoti ya zamani, nikianza na PV. Mzee, barua ya kuidai niiandikie ofisi iliyolipa au ile iliyosimamia ujenzi?

Mzee_wa_Kamalondo

Zote mbili, siku moja, na kila moja ipewe nakala ya barua ya mwenzake. Ofisi itakayojibu kwanza kwamba PV iko kwa mwenzake, hiyo ndiyo utakayoanza nayo.