Mwakilishi katufungia grupu wiki ile ile aliyoapishwa! Kwani kura yangu ilikuwa ya siku moja?

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Mie niko kaskazini Pemba. Jimbo silitaji, sitaki mtu aje kunisumbua nyumbani. Hasira hizi nimekaa nazo wiki nzima, leo nazitoa.

Wakati wa kampeni tuliundiwa grupu la WhatsApp la jimbo zima, tukatiwa mpaka sisi ambao hatukuomba. Kila alfajiri dua, kila jioni sauti yake mwenyewe: "Hapa ni penu, semeni, nasikiliza." Tukasema. Maji tukasema, skuli tukasema, bei ya mwani tukasema. Akashinda, akenda kula kiapo Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, na wiki ile ile nafungua simu nakuta pale pa kuandikia hapaandikiki: "Wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe." Tokea siku hiyo sisi ni kupokea picha tu. Anazindua, anakabidhi, anafuturisha.

Sasa mwezi uliopita njia yetu ya kushukia diko imezibwa. Mabati yamezungushwa kutoka kwenye minazi mpaka penye mikoko. Mama yangu analima mwani. Polo bichi analitia kichwani, maji ya chumvi yanamchuruzika shingoni mpaka kanga yote inarowa, na sasa anazunguka nalo nusu saa zaidi kwa sababu ya mabati ambayo hakuna aliyetuuliza. Nani kaamua? Sheha, mkuu wa shehia yetu, anasema si yeye. Na hata angekuwa yeye, tungemfanya nini? Sheha hatumchagui, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Wilayani wanatwambia kamuulizeni mwakilishi wenu. Mwakilishi wetu simu hapokei na grupu kafunga!

Nikimlalamikia mtu wa chama chake ananijibu kwamba ndio uwakilishi huo, watu wote hawawezi kuingia kikaoni. Nani kataka kuingia kikaoni? Uswisi wana bunge lao na wawakilishi wao kama sisi. Lakini wananchi 50,000 wakitia saini ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na bunge inarudi kwa watu waipigie kura. Kule Glarus, mkoa mmoja wa huko huko Uswisi, mpaka leo wanakusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka, wananyoosha mikono, sheria imepita au imekufa. Estonia wanapiga kura kwa intaneti tokea 2005, na uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa huko.

Msinambie hayo ya Wazungu. Tarehe 31 Julai 2010 nilipanga foleni hapa hapa Pemba, tukaulizwa tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa au hatutaki, na asilimia 66.4 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Wavuvi, wakulima wa karafuu, bibi zetu wasiojua kusoma, wote walilielewa swali. Hatukuambiwa jambo hili zito kwenu, waachieni wakubwa. Jengine: rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania iliyoandikwa na Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na kifungu cha wapiga kura kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano kwisha. Bunge Maalum la Katiba likakitoa, 2014. Wengi waliokaa kukijadili ni wale wale ambao kingewagusa! Na kura ya maoni ya Katiba yenyewe, iliyokuwa ifanyike 30 Aprili 2015, iliahirishwa na hadi leo haijapigwa.

Wale vijana wanaosema wawakilishi waondoke, tuamue kila kitu kwa simu, nao siwaungi mkono. Oktoba 2025 mtandao ulizimwa siku ya uchaguzi yenyewe. Kura yako ungeipigia wapi? Mama ana kitochi tu, kwa hiyo atakuwa si raia? Na bajeti ile mtu lazima akae aisome ukurasa kwa ukurasa, ndio maana tunamlipa mshahara. Mwakilishi namtaka. Ninachotaka ni kamba iliyomfunga kwetu isikatwe siku ya kiapo. Jambo la ardhi na pwani ya shehia lisipite mpaka wenye shehia tumekaa tukaulizwa, mkutanoni, kwa mikono, wenye simu na wasio na simu. Na akitukimbia, tuwe na njia ya kumrejesha nyumbani bila ya kungoja miaka mitano.

Jumamosi kina mama wa mwani wanakwenda kukaa mbele ya ofisi yake ya jimbo, na mapolo yao. Nami nakwenda.

Nyie wa Mkoani, Chake, na ndugu zetu wa Unguja: grupu zenu bado mnaandika, au nanyi mmefungiwa? Na kuna jimbo lolote lililowahi kumlazimisha mwakilishi wake kuitisha mkutano? Walifanyaje?