Msaada wakuu: nikigeuza Bitmap kuwa ByteArray programu inajizima

Kijana wa Rau: Wakuu habari za jioni. Natengeneza programu ya Android kwa Kotlin, ya kupiga picha majani ya kahawa. Nageuza Bitmap (picha iliyofunguliwa, pikseli kwa pikseli) kuwa ByteArray (safu ya baiti), mbele naigeuza tena kuwa Bitmap. Picha nyingine zinakubali, nyingine programu inajizima bila hata kuaga. Naombeni njia sahihi ya kugeuza. Mteja anasubiri, usingizi sina. Matusi hapana.

Fundi wa Sakina: Njia ni ileile: compress (kuibana picha) kwenda, BitmapFactory.decodeByteArray kurudi. Kugeuza peke yake hakuzimi programu hivihivi. Unaigeuza uipeleke wapi?

Mama Kihamba: Mwanangu, majani yana nini? Kama ni unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, hiyo ni kutu ya majani, haihitaji simu. Kwetu Kibosho ilitutesa, na chole buni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, juu yake, mpaka tukapata miche ya TaCRI, wale watafiti wa kahawa pale Lyamungu, ile inayohimili yote mawili. Mzee wangu alikataa kung'oa mibuni ya baba yake, tukanuniana msimu mzima. Picha ya nini na jani unalo mkononi?

Kijana wa Rau: Shikamoo mama. Mteja ndiye anazitaka. Fundi, haiendi mbali, ni humuhumu ndani ya programu. Nimeshusha ubora kwenye compress kutoka 100 hadi 20, ukubwa haupungui hata kidogo. Ndiyo maana nasema tatizo ni kugeuza.

Fundi wa Sakina: Haupungui kwa sababu umechagua PNG. PNG haipotezi kitu, ile namba ya ubora inaipuuza. Weka JPEG uone. Ila hujanijibu. Humuhumu wapi?

Dalali Mstaafu: Kugeuza ninakokujua mimi ni kwa ndizi mkaani. Endeleeni.

Kijana wa Rau: Haya. Naiweka kwenye Intent (ule ujumbe wa kufungua skrini nyingine) kwa putExtra, skrini ya pili inaipokea. Mwanzo kamera ilikuwa inanirudishia kile kijipicha kidogo, kinapita vizuri tu. Mteja akalalamika madoa hayaonekani, nikahamia picha kamili. Na msiniambie nibadili mpangilio, skrini zote zimeshajengwa hivyo na nusu ya hela nimeshapokea.

Fundi wa Sakina: Si ungesema tangu asubuhi! Intent inapita kwenye Binder, njia ya Android ya kupitishia ujumbe, na nafasi yake ni kama megabaiti 1 kwa programu nzima, wala si ya picha yako peke yake. Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12. Kila pikseli baiti 4, Bitmap hiyo ni baiti milioni 48. Hata ukiibana kwa JPEG, picha ya kamera inavuka megabaiti 1 kirahisi. Hifadhi faili kwenye cacheDir (folda ya muda ya programu), kwenye Intent weka Uri yake tu, yaani anwani ya faili. Skrini ya pili ifungue kwa inSampleSize ya 4: upana na urefu vinagawanywa kwa 4, unabaki na baiti milioni 3.

Kijana wa Rau: Nikishusha JPEG mpaka 30 si itapita? Ni kubadili namba moja tu.

Fundi wa Sakina: Labda ipite leo. Madoa yakivurugika, mteja atalalamika tena.

Mzee wa Kiboriloni: Wakuu mnakunywa chai. Mteja gani wa Moshi hii analipa nusu kabla hajaona kitu? Akaunti ya juzi, mteja hana jina wala kijiji. Huyu ni mwanachuo, mnamfanyia kazi ya mwalimu wake bure.

Binti Majengo: Hata mimi nilishtuka. Kila msimu wa proji wanakuja na "mteja". Kuna mmoja mteja wake alikuwa anafuga kuku, ukiuliza banda liko wapi anapotea.

Dalali Mstaafu: Chai na kahawa uzi mmoja 😂

Mama Kihamba: Awe mwanafunzi, awe nani, kuuliza ni dhambi? Wangu nilimsomesha kwa kahawa hiyohiyo, leo hata kunipigia simu hapigi.

Kijana wa Rau: Mwanafunzi halipwi nusu. Someni wenyewe, imetoka Logcat (kumbukumbu za hitilafu za Android) sasa hivi, na hapo nimeshaweka JPEG:

android.os.TransactionTooLargeException: data parcel size 2873412 bytes

Hiyo nayo chai?

Mzee wa Kiboriloni: Hata mimi naweza kuiandika hiyo kwa mkono.

Fundi wa Sakina: Karibu megabaiti 3, inalingana na JPEG ya kamera. Mteja simjui, lakini hitilafu ni ya kweli.

Kijana wa Rau: Faili na Uri imekubali, haizimi tena. Na wala sikubadili mpangilio, ni putExtra ileile. Ila sasa jani limelala ubavu.

Fundi wa Sakina: EXIF hiyo, maelezo ambayo kamera inayaandika ndani ya faili la picha. BitmapFactory haijali mwelekeo ulioandikwa ndani ya faili. Usome kwa ExifInterface, uizungushe picha mwenyewe kwa Matrix. Ukikwama fungua uzi mwingine.

Mzee wa Kiboriloni: Na uje na mteja.