Naombeni ushauri: nitajuaje nyumba ya wazee ina huduma nzuri kabla ya kumpeleka mama?

Kitindamimba:
Wakuu, salaam. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu kabisa. Hawezi kujigeuza kitandani, analishwa kidogo kidogo, na siku hizi usiku anachanganyikiwa, anaita watu waliokwisha kufariki. Tumemuuguza nyumbani kwa kupokezana, ila dada aliyekuwa amebeba sehemu kubwa ameshaumia mgongo, na sisi wengine tunatoka alfajiri kurudi usiku. Familia imekaa kikao, tumekubaliana tumtafutie nyumba ya wazee yenye wauguzi.

Tumebakiwa na mbili mkononi. Moja ni mpya, sakafu inang'aa, mapokezi kuna maua na runinga kubwa, meneja anaongea vizuri mno. Nyingine majengo yamechakaa, lakini wahudumu niliowakuta wametulia na kazi yao. Nipime kwa kipi? Mama hataweza kunisimulia yanayotokea nikishaondoka, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nesi Mstaafu:
Pole sana mwanangu, na dada yako mfikishie pole zangu. Maua na runinga achana navyo. Ukiingia, watafute wazee walio hoi kuliko wote, wale wasioweza hata kuita. Mwenye mdomo wa kudai atahudumiwa popote. Aliyelala kimya ndiye atakayekuonyesha hiyo nyumba ikoje.

Tazama kucha zao, midomo kama imekauka, miwani kama imefutwa, kifaa cha kusikia kama kiko sikioni au kimesahauliwa kwenye droo. Kisha angalia kikombe cha maji kimewekwa wapi. Kwa mama yako hili ni kubwa. Kama kushoto hakuna nguvu, kikombe na kengele ya kuita viwe kulia, mkono unapofika. Nimeona sana kikombe kimejaa pomoni, kimewekwa upande uliopooza, jioni kinaondolewa hivyo hivyo na kwenye fomu imeandikwa "amekunywa". Mtu mzima hasikii kiu kama kijana. Asipopewa maji mkononi, mwili unakauka, njia ya mkojo inapata maambukizi kirahisi, na kule kuchanganyikiwa kwa usiku kunazidi.

Waulize pia wanamwinuaje mgonjwa wa kiharusi. Mkono uliopooza haushikwi ukavutwa, bega linaumia na linaweza kuteguka. Mhudumu aliyefundishwa atakueleza hilo kabla hujamaliza swali.

Halafu vidonda vya kulala. Asiyejigeuza lazima ageuzwe. Tulivyofundishwa ni kila baada ya saa 2, ingawa ratiba hubadilika kulingana na godoro na hali ya ngozi. Omba wakuonyeshe karatasi ya kugeuzia, ile wanayoandika saa waliyomgeuza mgonjwa, wafunike jina lake. Ukikuta usiku mzima umejazwa saa kamili kamili, wino mmoja, mwandiko wa haraka wa kufanana juu hadi chini, ujue kuna uwezekano mkubwa imejazwa kwa mkupuo zamu ilipokuwa inaisha.

Mjukuu Mtiifu:
Nyongeza kwa mama Nesi: usiende siku ya miadi tu. Nenda Jumapili jioni, au wakati wa chakula, bila taarifa. Kaa ukumbini, kengele ya chumbani ikilia angalia saa yako mpaka mtu aingie. Aingie kweli, maana kuna wanaozima kengele mlangoni na kusema "nakuja".

Harufu nayo inasema. Chumba kimoja kunuka mkojo ni jambo la kawaida, mtu kajikojolea sasa hivi. Korido nzima kunuka saa zote maana yake nepi hazibadilishwi kwa wakati.

Baba Mapacha:
Kitindamimba, uliza habari za dawa za kutuliza, tena uulize kwa kuwakazia. Marehemu baba alikuwa anasahau, usiku anatembea tembea. Nyumba tuliyompeleka ikawa kila tukienda tunamkuta amesinzia kitini, udenda unamtoka, tunaambiwa "uzee huo". Kumbe alikuwa anapewa dawa za wagonjwa wa akili ili zamu ya usiku ipumzike, na hakuna aliyetuuliza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo tangu 2005 kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Wakati mwingine daktari anakuwa na sababu ya kuziandika, lakini familia iambiwe ni dawa gani, kwa nini, na itapunguzwa lini.

Mkongwe wa Kijiwe:
Mimi msimamo wangu mzazi aliyekulea umlee nyumbani. Haya ya kumpeleka kwa watu baki mnayaona ya kawaida siku hizi?

Nesi Mstaafu:
Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini mtu asiyejigeuza anahitaji mikono usiku na mchana. Dada yao ameshaumia. Nimepokea wazee waliotoka kwenye nyumba zenye upendo mwingi wakiwa na vidonda vinavyoonyesha mfupa, kwa sababu waliompenda walikuwa wawili na wamechoka. Tumsaidie kijana achague vizuri.

Wakili wa Mtaani:
Upande wa makaratasi: soma mkataba wote. Malipo yakipanda mtapewa taarifa lini? Nepi, dawa na daktari vimo au ni juu yenu? Akianguka mnapigiwa simu saa hiyo hiyo? Akilazwa hospitali, kitanda chake kinabaki?

Kama ulipo kuna ukaguzi wa serikali, itafute ripoti. Uingereza wakaguzi wa CQC, taasisi inayosimamia ubora wa huduma za afya na matunzo, wanatoa madaraja 4, Marekani wanatumia nyota 1 hadi 5. Usiishie kwenye daraja, soma walichoandika, hasa kama kosa lile lile linajirudia ukaguzi hadi ukaguzi.

Kitindamimba:
Asanteni sana wakuu. Nimezifuata zote mbili jioni bila taarifa. Ile mpya nimekuta mhudumu mmoja ghorofa nzima, na karatasi za kugeuzia nikaambiwa ni siri hata jina likifunikwa. Ile ya zamani nimemwona mhudumu amechuchumaa mbele ya mzee asiyeongea, anamwambia "babu, sasa tunageukia dirishani", akasubiri kwanza ndipo akamgeuza. Moyo umelalia huko. Tatizo usiku hawana nesi, wana wahudumu tu na nesi anaitwa kwa simu. Kwa hali ya mama, hilo linavumilika?

Nesi Mstaafu:
Inategemea. Uliza nesi anaishi umbali gani, na mama akipaliwa usiku nani anajua la kufanya kabla nesi hajafika. Baada ya kiharusi kumeza ndiko kunakoniogopesha. Chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia. Alishwe akiwa ameketi wima, asilazwe mpaka ipite kama nusu saa, na vinywaji viwe vizito ikiwa mtaalamu ameagiza hivyo. Wakishindwa kukueleza haya, wawe na upole kiasi gani, tafuta kwingine.

Mkikubaliana, ombeni mwezi wa majaribio. Siku ya kwanza apimwe uzito mkiwepo. Akipoteza asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, daktari amwone. Ngozi nayo ikaguliwe na iandikwe: visigino, nyonga, juu kidogo ya makalio. Wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole ni kidonda kinachoanza. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, gusa uone kama pana joto, pamekuwa pagumu, au rangi imekolea kuliko pembeni.

Kitindamimba:
Nimekuelewa, mama. Kesho naenda na dada, yeye ndiye anayejua mama anavyomeza. Tutaanza na hilo la usiku, mkataba baadaye.