Diski ya nje haisomi kwenye kompyuta: tupeane uzoefu, dalili ilikuwa ipi na shida ilikuwa wapi?

Sekta Mbovu
Wakuu, kuna mtu diski yake ya nje ina kazi za miaka, Windows ikamwambia inataka kufomatiwa, na ushauri wa kwanza aliopewa ni "kubali tu, ikishafomatiwa itasoma". Itasoma kweli, ila tupu. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe huu uzi.

Naanza na jambo moja: usiishie kuangalia This PC. Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, kisha subiri hata dakika nzima, maana diski iliyochoka huchelewa kujitokeza. Ikiwepo na ukubwa wake sahihi ila haina herufi, hiyo ni kazi ndogo. Ikiandikwa RAW, patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa kuwekea faili) ipo lakini mfumo wa faili hausomeki. Ikiandikwa Not Initialized, jedwali la patisheni halionekani, ama limeharibika ama kuna kitu katikati kinachopotosha. Ikisema No Media au ukubwa sifuri, bodi ya USB inajibu lakini diski yenyewe haijibu. Isipokuwepo kabisa, anza na umeme na waya. Katika hali zote hizi hakuna hata moja ambapo Initialize au Format ndicho kitufe cha kwanza kubonyeza kama ndani kuna vitu unavyovihitaji.

Aliyekutana na kesi aseme dalili, chanzo na dawa.

Mpiga Waya
Waya, waya, waya. Diski ndogo za inchi 2.5 hazina adapta, zinakula umeme wa USB pekee. Tundu la USB 2.0 kwa viwango linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900. Wakati mota inaanza kuzunguka, diski inaweza kuvuta karibu ampea nzima kwa sekunde chache. Kwa hiyo taa inawaka, unasikia inaanza kuzunguka, inakata, inaanza tena. Mtu anasema diski imekufa kumbe ina njaa.

Cha kufanya: toa habu isiyo na umeme wake. Kwenye kompyuta ya mezani hamia matundu ya nyuma yaliyo kwenye bodi mama yenyewe, maana ya mbele yanapitia waya mrefu ndani ya kasha na volti inashuka njiani. Tumia waya mfupi.

Halafu kuna jaribio ambalo wengi hawalijui. Lile tundu pana la Micro-B la USB 3.0 lina sehemu mbili, na ile kubwa kati ya hizo inapokea waya wa kawaida wa Micro-USB, ule wa simu za zamani. Chomeka huo, uwe wa data na si wa kuchaji tu. Diski ikitokea, hata kwa mwendo wa konokono, umejua kuwa njia za kasi za USB 3.0 ndizo zenye hitilafu, ama kwenye waya ama kwenye tundu. Nakili vitu vyako kwa mwendo huohuo kabla hujaanza kutafuta waya mpya.

Mama Data
Hapo kwenye waya wa simu naunga mkono. Waya huo umeokoa diski nyingi sana.

Herufi E
Nyie mmekimbilia vifaa, mimi nasema angalieni herufi kwanza. Kwenye kompyuta za ofisini folda ya mtandao hupewa herufi, tuseme E. Diski ikichomekwa, Windows inaweza kuipa hiyohiyo E, na kinachoonekana ni folda ya mtandao peke yake. Kwenye Disk Management bofya kulia patisheni, chagua kubadili herufi, weka ya mbali kama R au T.

Kwa wanaopenda amri: diskpart, kisha list volume, kisha select volume na namba yake, kisha assign letter=R. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu humo ndani amri ya clean, inayofuta patisheni zote, iko jirani na haiulizi swali lolote.

Nyingine inayosumbua watu ni diski kuonekana Offline. Hutokea mtu alipokloni diski kisha akazichomeka zote mbili, zikawa na kitambulisho kimoja. Windows inaizima mojawapo. Chomoa ile nyingine, au bofya kulia uiweke Online. Hiyo ya pili itapewa kitambulisho kipya, data haiguswi.

Kaka Rejista
Naongezea ya ofisini. Kama flashi na diski zote hazisomi lakini kipanya na kibodi vya USB vinafanya kazi, usihangaike na diski. Fungua regedit, nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\USBSTOR, tazama thamani ya Start. 3 ni kawaida, 4 ni imezimwa. Mara nyingi ameizima msimamizi wa mtandao kwa makusudi, kwa hiyo muone yeye kabla ya kuirudisha.

Amri ya Tatu
Mbona hakuna aliyetaja chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili? Diski ina herufi, inagoma kufunguka, unaendesha chkdsk R: /f, inarudi. Kesi za namna hiyo ni nyingi sana, hasa mtu akichomoa wakati inaandika.

Sekta Mbovu
Mkuu, hapo tutakosana. chkdsk inatengeneza mfumo wa faili, haitengenezi diski, wala haijali faili lako. Ikikuta kumbukumbu ya faili imevunjika inaikata, na mabaki inayatupa kwenye folda la found.000 yakiwa na majina kama FILE0000.CHK. Ukiongeza /r ndiyo unaiambia isome kila sekta (kipande kidogo kabisa cha diski), na kama vichwa vya kusomea vimeanza kuchoka unavimalizia. Na ikishakuwa RAW, chkdsk yenyewe inakataa kufanya kazi.

Amri ya Tatu
Sijasema /r, nimesema /f. Na nimesema diski iliyochomolewa vibaya, si inayogonga. Soma vizuri ndugu.

Sekta Mbovu
Na huyo wa nyumbani atajuaje tofauti? Ndiyo maana SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe, inatangulia. CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartctl -a -d sat /dev/sdb kwenye Linux. Tazama namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu au zinazoshindwa kusomeka. Zikiwa sifuri zote na diski haitoi sauti ya ajabu, endesha hiyo /f yako. Zikiwa na hesabu, hasa 197 inayopanda, kunakili kunatangulia na ukarabati unafuata.

Mama Data
Na 199 je? Wanasema ikipanda ni waya wa USB.

Mpiga Waya
Hapana dada, hilo linasemwa sana ila kwa diski ya nje si hivyo. 199 inahesabu makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) kwenye njia ya SATA, yaani kati ya diski na bodi ndogo iliyo ndani ya kasha. Waya wako wa USB uko upande wa pili wa hiyo bodi, diski haiujui. 199 ikipanda, fungua kasha uone kama diski imelegea kwenye kiunganishi.

Bodi ya Kijani
Nawaachia kisa kimoja ili kila mwenye bisibisi akisome hadi mwisho.

Diski ya inchi 2.5, 2TB, ya mwanafunzi wa uzamili, data za utafiti wote. Ilidondoka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Ilipochomekwa tena, haikuonekana popote, ila ilitoa mlio mwembamba: bip, bip, kimya, bip, bip. Ule mlio hautoki kwenye spika, diski haina spika. Ni mota inayopewa umeme na kushindwa kuzunguka. Kwenye diski isiyo na hitilafu, vichwa vikimaliza kazi vinapanda kwenye kibao cha plastiki pembeni mwa sahani. Diski ikipata kishindo katikati ya kazi, vichwa vinabaki juu ya sahani na vinaganda hapo, kwa sababu nyuso zote mbili ni laini kupita kiasi na zinashikana.

Hali hiyo inatibika. Maabara yenye chumba kisicho na vumbi inafungua, inaviondoa vichwa kwa kifaa maalumu huku sahani ikizungushwa taratibu, na mara nyingi data inatoka.

Lakini mwenye diski alishaelekezwa mambo matatu na watu watatu. Wa kwanza akamwambia aipige kiganjani. Wa pili akamwambia ailaze kwenye friza usiku kucha. Wa tatu akafungua kifuniko mezani na kuzungusha sahani kwa bisibisi kinyumenyume. Ikazunguka! Wakaichomeka mfuniko ukiwa wazi, ikaonekana kwenye kompyuta, majina ya folda yakatokea, watu wakashangilia. Wakaanza kunakili. Baada ya muda mfupi ikaanza kugonga, tak, tak, tak, ikapotea. Ilipofika maabara, sahani ya juu ilikuwa na mchoro wa duara uliokatika hadi kwenye kioo, na ile tabaka ya sumaku ilikuwa imegeuka unga ndani ya kasha. Mchoro ulipopita hakuna data tena, hakuna mashine wala fundi wa kuirudisha.

Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Chembe ya vumbi ni jabali kwake.

Mama Data
Maskini. Mimi ningelia.

Baridi Kali
Lakini friza mbona ilikuwa inasaidia zamani? Kuna watu wameokoa data hivyo, msikatae kila kitu.

Bodi ya Kijani
Mzee, friza inaleta unyevu. Diski nyingi zina tundu la kupumulia lenye kichujio, hewa inaingia. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu unageuka matone ya maji juu ya sahani, kichwa kinapita kwenye tone. Wachache waliobahatika wanasimulia, walioharibikiwa wananyamaza. Usimwelekeze mtu huko.

Baridi Kali
Sawa, ila funga kwenye mfuko wa plastiki.

Sekta Mbovu
Hata kwenye mfuko! Tafadhali wakuu, anayepita hapa na diski inayogonga au kulia: chomoa, usiichomeke tena, peleka kwa wenye chumba safi. Kila unapoiwasha unapunguza kitakachookolewa.

Daraja
Turudi kwenye diski zilizo nzima. Wengi wanapoona kasha halisomi, wanafungua watoe diski na kuichomeka moja kwa moja kwenye SATA. Wazo ni zuri ila lina mitego mitatu.

Mosi, diski nyingi ndogo za WD hazina SATA kabisa. Tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Utafungua na hutapata pa kuchomeka.

Pili, baadhi ya My Passport na My Book zinafumba data (encryption) kupitia chipu ya daraja, ile inayounganisha diski na USB, hata kama hujawahi kuweka nenosiri. Toa diski humo, utaona takataka tupu na Windows itakuomba Initialize. Ufunguo unahusiana na ile bodi, kwa hiyo usiitupe.

Tatu, ukubwa wa sekta. Kasha kadhaa za diski zinazozidi 2TB huionyesha kompyuta sekta za baiti 4096 wakati diski ndani inatumia 512. Ukiitoa, jedwali la patisheni linasomwa mahali pasipo pake na diski inaonekana tupu. Data iko palepale.

Na iwapo diski ya inchi 3.5 iliyotolewa kasha haizunguki kabisa kwenye kompyuta ya mezani, chunguza pini ya tatu ya umeme wa SATA. Diski mpya hutumia pini hiyo kama amri ya kuzima, na pawasapulai nyingi zinaipa volti 3.3 muda wote. Ziba pini kwa kipande cha utepe wa Kapton (usiopitisha umeme), itazunguka.

Bodi ya Kijani
Hapo kwenye inchi 3.5 niongeze adapta. Zinahitaji volti 12. Plagi ya adapta ya laptopu ya volti 19 wakati mwingine inaingia vizuri kabisa, na kimya kinafuata. Kabla ya kukata tamaa, pima kwa multimita diodi za TVS (za kukinga umeme uliozidi) kwenye bodi ya diski, karibu na kiunganishi cha umeme. Ikisoma karibu na ohm sifuri pande zote mbili, imejitoa mhanga kuilinda diski. Ikiondolewa, diski inaweza kuwaka na adapta sahihi, lakini haina kinga tena, kwa hiyo ni ya kunakilia tu. Kubadilisha bodi nzima bila kuhamisha chipu ya ROM ya miguu minane hakusaidii kwa diski za siku hizi, kwa sababu vipimo vya vichwa vimeandikwa humo.

Tufaha
Wenye Mac: diski ya exFAT (mfumo wa faili unaosomeka Windows na Mac) ikichomolewa bila kutolewa rasmi, macOS huanza kuikagua kimyakimya na haionyeshi kitu mpaka imalize. Kwa diski kubwa inachukua muda mrefu. Andika diskutil list uone kama ipo. Kisha ps aux | grep fsck, fsck ndiyo programu ya huo ukaguzi. Kama ukaguzi unaendelea, uache kwanza. Ukigoma kabisa, sudo pkill -f fsck, mara nyingi inajitokeza ikiwa ya kusoma tu. Inatosha kunakili.

Pengwini
Kwenye Linux fungua dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, ndipo uchomeke. Ukimya maana yake waya au umeme. Ukiona uas_eh_abort_handler na reset zinazojirudia, chipu ya daraja haielewani na UAS (njia ya kasi ya kuwasiliana na diski za USB): weka usb-storage.quirks=VID:PID:u kwenye kigezo cha kuwashia, namba mbili hizo utazipata kwa lsusb.

Ya kunakili diski mbovu: ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img ramani.log, inachukua kwanza kilicho rahisi. Halafu -d -r3 na ramani ileile ndiyo irudie sehemu ngumu. Hakikisha kwa lsblk ipi ni ipi. TestDisk na PhotoRec, programu za kurudisha patisheni na faili, ziendeshe kwenye ile nakala, diski iache ipumzike.

Mgeni Mpya
Samahani wakubwa, ya kwangu ni 3TB, nimeihamishia kasha jingine, sasa inaonekana ni GB 746 na inataka Initialize. Nikubali?

Daraja
Usikubali. Kasha hilo ni la zamani, linahesabu sekta hadi 2TB kisha linaanza upya, na 746 ndiyo ziada iliyobaki. Irudishe kwenye kasha lake la kwanza. Kama lilikufa, tafuta linalotaja kubeba zaidi ya 2TB, kisha tuambie Disk Management inaonyesha nini.

Mgeni Mpya
La kwanza lilikuwa My Book. Bodi yake bado ninayo.

Daraja
Basi anza na hiyo bodi na adapta ya volti 12. Usibonyeze kitu kingine.