Mrejesho: chama chetu cha historia Bagamoyo, mwaka mmoja baadaye

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mwaka jana niliwauliza tukinusuruje chama chetu: wazee tisa, chai, na kusomeana kumbukumbu za kikao kilichopita. Mkasema tokeni nje, waiteni vijana.

Tumetoka. Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, tulienda mara mbili, maana safari ya kwanza mvua ilitufurusha. Ya pili, bibi mmoja aliwaonyesha vijana vishimo kwenye nguzo ya kaburi, mlimopachikwa bakuli za Kichina zamani. Simu zikarudi mifukoni zenyewe.

Kwenye misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868 tulimzungumzia Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ambaye mwili wake watumishi wake Chuma na Susi waliufikisha Bagamoyo 1874. Binti wa kidato cha tatu akauliza: mbona mnara wa hapo misheni unaitwa kwa jina lake, si la waliombeba? Tulibishana mpaka magharibi, na mwenyekiti (mpole yule!) akapandisha sauti.

Kurekodi wazee ndiko tulikovurunda. Mazungumzo matatu yalifutika kwenye simu, na mzee mmoja keshatangulia mbele ya haki. Sasa tunahifadhi kwenye flashi mbili.

Ada? Bado ni kukimbizana. Ila tuko ishirini na wanne.