Mrejesho: kuku kuchafua baraza anapotambaa mtoto

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia kuku wa kienyeji wasipande barazani, maana mtoto ameanza kutambaa na anaokota kinyesi chao na kutia mdomoni. Ahsanteni sana mliochangia.

Kilichosaidia zaidi ni kuhamisha chakula. Pumba na mabaki ya jikoni humwagwa nyuma ya banda tu, hakuna tena kukung'utia sufuria mlangoni. Wengi wameacha kuja wenyewe.

Wavu wa futi 4 kwenye mirunda umefanya kazi, ila vifaranga walipenya matundu ya inchi 2. Chini nimezungushia wa nusu inchi, kimo cha futi moja, ukingo ukafukiwa.

Mbawa (ili wasiruke juu ya wavu): kata upande mmoja tu, yale manyoya 10 marefu ya mwisho wa bawa. Manyoya machanga yenye damu kwenye shina msiyaguse, yanavuja vibaya. Yakishaota upya, mnarudia. Mitetea imetulia, jogoo alikuwa anapandia rundo la kuni kwanza (mjanja huyo), kwa hiyo kuni nazo zimehama.

Bata ndio wamenishinda. Wanajipenyeza chini ya geti, hivyo baraza bado linapigwa deki ya sabuni kila asubuhi hadi fundi aongeze ubao.